Malori Yako Yalikuwa Kulia

Deo, ndugu yangu,

Nimeanza barua hii mara nne tangu asubuhi. Mara ya kwanza niliandika jina lako, nikainuka kwenda kuangalia kama mlango wa nyuma umefungwa, na wewe unajua kwamba mlango ule haujawahi kufungika tangu tuhamie humu. Mara ya pili nilitoka kununua chapati ambayo sikuila. Mara ya tatu hata sikumbuki nilitokea wapi, nilijikuta tu nimesimama nje natazama pikipiki za watu. Patrick ameniangalia, amevaa vile visikilizi vyake vikubwa na kunigeuzia mgongo. Amezoea. Ni miezi minane sasa sikai kwenye kiti zaidi ya muda wa kuchemsha chai.

Nakuandikia kwa Kiswahili chako kile cha Karagwe, ambacho ulikuwa ukikiongea kama kilichopigwa pasi. Changu cha Goma nakiweka kando leo. Ukiona nimekosea, nyamaza, sina nafasi ya kusahihishwa. Na mengi nitakayosema unayajua tayari. Nayasema yote tangu mwanzo kwa sababu nimezoea kuyasema nusu nusu, na hiyo nusu ndiyo imenifikisha hapa.

Kwanza habari za hapa. Studio yetu ya michezo ya simu iko pale pale Nengo, nyuma ya duka la fotokopi. Mwenye duka amenunua mashine mpya isiyotikisa ukuta, kwa hiyo Patrick hana tena kisingizio sauti zake zikitoka mbovu. Kiti chako hakuna anayekikalia. Nimesema uongo: wateja wa fotokopi wanakikalia mvua ikinyesha, na nimechoka kuwafukuza. Umeme unakatika kama kawaida yake. Mchezo wa Magunia haujaisha, lakini kandambili yako imekubali. Unakumbuka tulivyobishana? Ulisema hawa vijana wanaoteremsha viazi kutoka Mudende kwa baiskeli zisizo na breki hawana mafuta wala nyota za kuokota njiani, wana kandambili tu ya kubana tairi, basi na mchezaji apewe kandambili moja, ikilika imelika. Mimi nikasema watu watakasirika. Wiki iliyopita watoto watatu waliojikinga mvua pale dukani waliijaribu. Mmoja alimaliza kandambili kabla ya nusu ya mteremko, akaingia shambani na magunia yote, akakasirika kweli kweli akaenda kwao. Nikasema sawa, Deo alishinda.

Imebaki kona moja kuingia kwenye mchezo. Unajua ni ipi, nami siandiki jina lake.

Nimeinuka tena. Nimerudi.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Nyakiriba kwa mama yako kumpelekea koti lako la mvua, lile la kijani lililokuwa linaning'inia hapa nyuma ya mlango. Nilikuwa nimepanga kukaa kidogo tu. Alinipa chai ya maziwa, akalikunja koti akaliweka mapajani, tukaongea habari za viazi na bei ya mbolea. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Espe, mtoto akifundishwa upande mmoja akiwa mdogo, mkono wake unaweza kusahau?"

Sikumwelewa. Akaendelea. Akasema wewe ulijifunza baiskeli ukiwa na miaka minane, kule Tanzania, kambini Karagwe, baiskeli ya mwalimu mmoja, kubwa kuliko wewe, ulikuwa unapitisha mguu katikati ya vyuma kwa sababu hufiki juu. Na yeye alikuwa anakukimbilia nyuma, kitenge mkononi, anapiga kelele uogope magari. "Nilikuwa namwambia shika kushoto, shika kushoto. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Hakuna mwingine."

Na mimi, Deo, nilifanya nini? Nilisema pikipiki inanisubiri. Hakukuwa na pikipiki yoyote. Nilitembea mpaka lami mbio mbio kama mtu anayedaiwa, na tangu siku hiyo nina siku tano sijui pa kujiweka. Nikilala naona kitenge kinakimbia nyuma ya baiskeli.

Sasa nianze mwanzo.

Sisi wawili tulikuwa mafundi wa simu sokoni, meza moja, mwavuli mmoja. Wewe ulirudi kutoka Tanzania ukiwa kijana, mimi nilitoka Goma na wazazi wangu, na wote wawili Kinyarwanda chetu kilikuwa cha kuombea maji tu wakati ule, kwa hiyo tukashikana na Kiswahili. Wateja walituachia simu zao, sisi tukajaribu michezo iliyokuwa ndani, na yote ilikuwa ya magari yanayokimbia kwenye miji tusiyoijua. Siku moja ulimaliza mbio moja, ukaweka simu mezani ukasema, "Nimekuwa wa kwanza kwenye barabara ambayo sitaiona maisha yangu yote." Hukucheka. Mwezi ule ule tulikodi chumba hiki.

Ukaweka sheria moja tu: barabara haiingii kwenye mchezo mpaka tumeipanda. Si kuiangalia kwenye picha wala kuulizia. Kwa mchezo wa kwanza, ule wa Mteremko, ulipanda kutoka ziwani hadi Mudende na kushuka sijui mara ngapi, daftari limefungwa kwenye tangi la pikipiki kwa mpira, na kwenye kila kona ulisimama ukauliza watu wa pale wanaiitaje. Ndiyo maana kona zetu zina majina ya kweli. Kuna ya yule mjane mwenye ng'ombe mweupe, kuna ya mti ulioanguka ambao hakuna anayekumbuka ulianguka lini. Patrick alikuja baadaye, katoka Kampala na Kiingereza chake, akafunga simu kwenye pikipiki yako kwa gundi ya karatasi ili anase mlio wa injini, na simu ikadondoka Mudende ikaokotwa na mbuzi. Yeye anasema ni mtoto aliyeiokota. Mimi nilikuwepo, alikuwa mbuzi.

Kazi yangu ilikuwa kuchukua daftari lako na kuligeuza kuwa barabara ndani ya kompyuta. Na hapa ndipo ninapotaka kuinuka tena. Sitainuka.

Niliingiza kona zote kinyume. Ulipoandika kulia mimi nikaweka kushoto, kutoka juu mpaka chini, kwa sababu nililisoma daftari kana kwamba tunapanda wakati wewe uliliandika ukishuka. Wewe ukapanga magari juu ya barabara yangu bila kujua, malori yote upande wake wa kulia, yamenyooka vizuri kama yanavyopita hapa nje, si kushoto kama kule Tanzania. Niligundua kosa siku ya maonyesho yenyewe, tulipokuwa tunauonyesha mchezo kwa watu mara ya kwanza, asubuhi, kwenye ule ukumbi wa shule, watu wameshaanza kuingia. Ziwa lilikuwa linaonekana upande ambao halipo. Mtoto yeyote wa hapa Gisenyi angecheka. Nikafanya kitu cha haraka: niligeuza picha nzima, kama mtu anavyogeuza soksi. Ziwa likarudi mahali pake na kona zikawa sawa. Nikarudisha mabango ili yasomeke, nikarudisha gari la mchezaji kulia. Malori nikayasahau.

Unakumbuka yaliyofuata. Kila aliyeshika simu yenye mchezo alikwenda mita chache, akakutana na lori uso kwa uso, puu. Na mwingine puu. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Ndipo yule dereva wa kamio, yaani lori, aliyekuja na mwanawe akauliza kwa sauti ukumbi mzima usikie, "Huyu mwenye alipanga ma-kamio alijifunzaka kuendesha wapi? Tanzania?"

Na mimi nilinyoosha kidole. Nilikunyooshea wewe, Deo, uliyekuwa umesimama pale na waya begani, hujui lolote. Nikasema, "Ni huyu. Munashangaa nini? Mukono yake ingali Tanzania."

Ukumbi ulilipuka. Ulinitazama. Sijui ni muda gani, pengine ni sekunde mbili. Kisha ukainua mikono kama mwizi aliyekamatwa, ukasema ndiyo, mimi ni mtu wa kushoto, mtanisamehe, na watu wakakupigia makofi. Baada ya hapo hakuna aliyetaka mchezo urekebishwe. Watoto waliuita mchezo wa malori ya kushoto, walishindana nani atakwepa mengi, ukafika Musanze, ukafika Kigali, ukavuka mpaka ukaenda Goma ambako watu wanaendesha kulia kama sisi na bado walicheka. Studio yetu ilikuwa haina jina. Patrick akachora lori dogo linalokuja upande usio wake, akaandika chini yake Kushoto, na hilo ndilo jina ambalo watu wanatujua nalo mpaka leo. Tumelijenga jina juu ya ule mkono wangu ulionyooshwa.

Ulijua. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Tulipokuwa tunaanza mchezo wa pili, ule wa chukudu, zile baiskeli za mbao za Goma, ulifungua programu ya zamani kutafuta kitu, ukakuta ule mstari wa kugeuza picha, na jina langu pembeni yake na saa ya asubuhi ya maonyesho. Uliniita. Ukasema polepole, "Espe, malori yangu niliyaweka kulia." Nilijifanya natafuta waya chini ya meza. Nilikaa kule chini muda mrefu. Kisha nikasikia unasema, "Basi, yameshapendwa hivyo. Tuyaache," na ukatoka kwenda kununua sambaza, zile dagaa za ziwani. Tulizila na chumvi na pilipili, hatukulizungumza tena hata siku moja.

Nilikuwa naogopa nini? Nitakuambia, kwa sababu hukuniuliza. Niliogopa kwamba wakijua ni mimi watasema ndiyo hivyo, mwanamke kapewa kompyuta. Nilikuwa nimeshasikia hayo sokoni, watu wakinipita na simu zao kuja kwako. Wewe ukikosea ulikuwa Mtanzania tu, mtu wa utani, na kesho yake unapewa kazi nyingine. Mimi ningekosea mara moja ingekuwa basi. Ndivyo nilivyojiambia. Labda ni kweli, lakini haikuwa kazi yako kuulipia woga wangu.

Na wewe ulijua kuutumia utani. Wageni wakija unawaonya washike viti wakati unaendesha. Ukivuka barabara pale soko la chini unatazama pande zote mbili mara nne, ili nicheke. Miaka zaidi ya ishirini unaendesha kulia nchini hapa, hujawahi kugusa hata kioo cha mtu.

Kisha ikaja ile siku ya mvua.

Nayajua yaliyotokea kwa sababu niliyatafuta. Nilikwenda kwa miguu mpaka ile kona nisiyoandika jina lake, nikamkuta mama mmoja anavuna viazi juu ya barabara. Alikuona. Alisema ulikuwa umesimama kabisa, pembeni, upande wako, umeinua simu unanasa mlio wa mvua kwenye lami kwa ajili ya Patrick. Lori lilikuwa linashuka na viazi, likakosa breki, likateleza likaja kwako. Aliwaambia polisi hivyo, nao wakaandika hivyo. Dereva mwenyewe alilia akasema hivyo. Hakuna mtu anayebisha kwenye karatasi.

Lakini nani anasoma karatasi? Kwenye matanga, nyumbani kwenu, turubai limefungwa, watu wamekaa kwenye mabenchi, Mzee Karoli jirani yenu, yule fundi wa baiskeli, alitikisa kichwa akasema bila ubaya wowote, kwa huzuni kabisa, "Masikini Deo. Mukono yake ilikuwa ingali Tanzania." Watu wakaguna kukubali. Mmoja akasema ni kweli, hata ule mchezo wake. Mwingine akasema kilichoingia utotoni hakitoki. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango na sahani ya wali. Yalikuwa maneno yangu, Deo. Yametembea miaka yote ile mdomo kwa mdomo, yakanikuta pale pale na sahani yangu. Mama yako alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Alisikia. Na mimi nikaendelea kutafuna.

Hapo ndipo nilipoacha kukaa. Sasa umejua.

Patrick ananiuliza naandika nini. Nimemwambia barua ya kikazi. Nafunga. Kesho nakwenda Nyakiriba kabla sijapata pikipiki nyingine ya uongo.

*

Alhamisi.

Nimekwenda. Nilimkuta jikoni anamenya viazi, hakushangaa kuniona. Alinionyesha kigoda, nikakataa, nikasema nitasimama. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, ila vibaya zaidi, nikichanganya mwanzo na mwisho. Hajui kompyuta, kwa hiyo ilibidi nitumie kiazi kumwonyesha. Nilikiweka kwenye kiganja cha kulia, nikasema hivi ndivyo Deo alivyoweka lori. Kisha nikakigeuza kwenye kiganja cha kushoto, nikasema hivi ndivyo nilivyofanya mimi. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, safari hii akikishika kiazi yeye mwenyewe.

Kisha akasema, "Kwa hiyo si mimi."

Nilitikisa kichwa, si yeye. Nikamwambia habari za yule mama wa juu ya barabara, kwamba ulikuwa umesimama upande wako, na akasema aliyasikia hayo lakini alidhani watu wanamfariji. Miezi minane alikuwa anajua ukweli na hauamini, kwa sababu hadithi yangu ilifika kwake miaka mingi kabla ya ukweli na ilikuwa inachekesha.

Nilitarajia anikumbatie, nitakuwa mkweli. Njiani nilikuwa nimeshaiona picha yenyewe, sisi wawili tunalia jikoni, halafu chai. Mama yako si mtu wa picha. Aliosha mikono, akaikausha kwa kitenge taratibu, akaniuliza siku ya matanga nilikuwa nimekaa wapi. Nikasema karibu na mlango. Akaniuliza kama nilisikia. Nikasema nilisikia. Akachochea moto mpaka maji ya sufuria yakaanza kuchemka.

"Ulimsema mbele za watu," akasema, "halafu unakuja kumtetea jikoni."

Nilisema nisamehe, Mama. Akasema hilo tutaliona. Akasema kesho kutwa ni umuganda, ile kazi ya pamoja, kijiji kizima kitakuwepo, na baada ya kazi kuna mkutano na kila mwenye neno anaruhusiwa kusimama. Alivitia viazi kwenye maji. Kila siku huniita mwanangu ninapoaga, lakini leo alisema "haya."

Nina hasira, Deo. Usishangae. Nina hasira na wewe pia kidogo. Ungenikasirikia siku ile nilipokuwa chini ya meza, ungenitoa kwa mguu, ungesema Espe toka huko ukaseme. Ulikuwa mpole mno, na upole wako ulinipa nafasi ya kujificha mpaka nikazoea. Nimemaliza. Sina haki ya kusema hayo, lakini ungejua kama nayaficha.

*

Jumamosi, alasiri.

Mikono yangu imetoka malengelenge, ndiyo maana mwandiko huu unaonekana kama wa Patrick. Tulichimba mfereji wa maji kando ya njia inayoteremka kwenu. Nilipewa jembe na mtu ambaye hakujua mimi ni nani, na nilichimba kama kichaa mpaka mama mmoja akaniambia nipumzike, mfereji si wa Misri. Mama yako alikuwa upande wa pili anakusanya majani. Hakunitazama.

Kwenye mkutano walizungumza habari za bima ya afya, ng'ombe wanaoingia kwenye mashamba ya watu, na taa moja ya barabarani. Taa ile ilichukua muda mrefu kuliko vyote. Nilikaa nyasini, nikainuka, nikakaa, nikainuka. Kiongozi wa kijiji alidhani nina neno kuhusu taa, akanipa nafasi.

Nilisema kwa Kinyarwanda, ili isiwepo nafasi ya mtu kusema hakuelewa. Nilisema jina langu na kwamba natoka ile studio ya michezo. Nilisema wote mnajua ule utani wa malori ya kushoto, na wote mnasema yalipangwa na Deo kwa sababu alikulia Tanzania. Deo aliyapanga kulia. Mimi ndiye niliyeyageuza kwa haraka yangu, na watu walipocheka nikamnyooshea kidole, na yeye akalibeba kosa langu mpaka kufa kwake. Nikasema siku ile ya mvua alikuwa upande wake wa barabara, amesimama, na mkono wake haukusahau kitu. Nikasema mama yake alimfundisha baiskeli vizuri. Sijui hilo la mwisho lilitoka wapi, sikuwa nimelipanga.

Kisha kijana mmoja huko nyuma akasema kwa Kiswahili, "Kumbe Mutanzania ni weye," na wawili watatu wakacheka. Zamani ningecheka nao haraka haraka ili yapite. Nilibaki nimesimama tu. Kicheko kikaisha chenyewe.

Mzee Karoli alivua kofia. Alikuwa amenuna. Alisema, "Mi nilirudilia tu maneno yako, dada. Ile siku nilikuwa mu ile salle ya shule, nilisikiaka kwako." Nikasema najua, Mzee, ni yangu. Alisimama kidogo na kofia yake mkononi, kisha akazunguka watu wote akaenda mpaka pale alipokaa mama yako, akachuchumaa mbele yake, akaongea naye kwa sauti ambayo sikuisikia. Alikaa pale muda. Kiongozi wa kijiji akasema kama hakuna neno jingine tumefunga.

Nilidhani nitashuka peke yangu. Nilikuwa nimeshafika kwenye njia mama yako akaniita nimsubiri, akanipa jembe lake nimbebee. Hakunishika mkono. Tulitembea. Tulipita kwenye mfereji tuliotoka kuuchimba, na akasema umechimbwa vibaya upande mmoja. Ulikuwa upande wangu.

Unajua hakuwa amelia? Mimi sikujua. Watu wote walikuwa wanamsifu, kwamba mwanamke yule ana moyo, amezika mtoto wake wa pekee na macho makavu. Aliniambia njiani. Alisema, "Sikuwa nimemlilia. Kila nikitaka kumlilia naona ni mimi niliyemuua, na muuaji halii." Alisema hivyo tukitembea, kama anavyosema bei ya mbolea. Hatua chache mbele akasimama, akaweka majani chini, akashika uzio wa watu kwa mikono miwili, akalia. Mchana kweupe, Deo, njiani, watu wa umuganda wanapita na majembe yao, na wewe unajua hapa kwetu mtu mzima halii njiani. Alilia kwa sauti. Aliita jina lako, lile refu la ubatizo ambalo hukulipenda. Watu walipunguza mwendo, wakatuacha. Mimi nilishika jembe lake sikujua niliweke wapi. Sikumgusa mpaka aliponinyooshea mkono mwenyewe.

Sasa niko studio. Nimekaa kwenye kiti tangu niliposhika kalamu, ndiyo kwanza naona. Sitakudanganya kwamba nimetulia, mguu wangu unatikisika chini ya meza na ile kona bado sijaipanda kwa pikipiki. Mama yako naye hajasema amenisamehe. Amesema nije Alhamisi.

Patrick nimemwambia yote. Alivua visikilizi vyake, jambo ambalo si dogo, akaniuliza kama tubadilishe jina la studio. Nilifikiri sana, nikamwambia hapana. Tukilifuta nitakuwa nimejificha chini ya meza kwa mara ya pili.

Nakuaga basi, ndugu yangu, mwenzangu wa mwavuli mmoja. Pumzika huko uliko, na kama kuna barabara, ipande kwanza kabla hujaiamini. Ahadi yangu ni hii. Watu wataendelea kuuliza kwa nini tunaitwa Kushoto, watoto watauliza, na wageni pia. Kuanzia leo sitamwachia mtu mwingine ajibu. Nitajibu mwenyewe, mbele ya yeyote aliyepo, na kabla sijalitaja jina lako nitataja la kwangu.

Ni mimi niliyekosea,
Espérance